UZI: Nukuu ya bosi kwenye taarifa kwa vyombo vya habari, iandikwe vipi mhariri asiikate

KalamuMezani

Wakuu, habari za kazi.

Kichwa cha habari na aya ya kwanza tumeshavijadili sana humu. Nukuu ya mkurugenzi tunaipita juu juu, na ndiyo sehemu ambayo mhariri huanza nayo akitafuta cha kukata. Nafungua uzi huu tuichambue yenyewe peke yake. Naanza na msingi. Walioko chumba cha habari, redio na sheria waongeze nyama.

Taarifa ina sauti mbili, ya msimulizi na ya anayenukuliwa. Msimulizi anabeba yote yanayopimika na kuthibitika: tarehe, kiasi, bei, vipimo, majina, mahali. Nukuu inabeba yale ambayo msimulizi hana mamlaka ya kuyasema: sababu ya uamuzi, maoni, ahadi, majuto. Ukimpa bosi aseme "ghala lina uwezo wa tani 400", mhariri ataichukua namba hiyo aiandike kwa maneno yake mwenyewe, na jina la bosi litabaki nje ya habari. Namba inaruhusiwa ndani ya nukuu pale tu inapokuwa ndiyo hoja yenyewe, kwa mfano bosi anapoahidi muda wa kujibu malalamiko.

Urefu: sentensi 2 au 3, maneno 25 hadi 50. Taarifa ya maneno 400 inatosha nukuu moja ya bosi. Ya pili iwepo kama kuna mtu wa upande mwingine, mteja au mshirika, mwenye jambo tofauti la kusema. Kama anarudia aliyoyasema wa kwanza, mwondoe. Nafasi yake ni aya ya 2 au ya 3. Aya ya kwanza imeshajibu nani, nini, lini na wapi, kwa hiyo msomaji anasubiri "kwa nini", na hilo ndilo la bosi.

Kabla ya kuandika, pata dakika 10 za kumsikiliza, kwa ruhusa ya kurekodi. Maswali yanayotoa kauli ni haya: Kwa nini sasa na si mwaka jana? Mlikuwa na njia gani nyingine, na kwa nini mliiacha? Nani ataona tofauti wiki ya kwanza, na ataiona wapi? Kitu gani kinaweza kwenda kombo? Usiulize "ungependa kusema nini kuhusu uzinduzi huu", maana swali hilo huleta hotuba.

Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni ya kusafirisha mazao inafungua ghala la baridi. Nukuu inayoandikwa na wengi ni hii:

"Tuna furaha kubwa kutangaza uzinduzi wa ghala letu jipya la kisasa la baridi, ambalo ni hatua kubwa katika safari yetu ya kuwapatia wateja wetu wa thamani huduma bora, bunifu na zenye viwango vya kimataifa kwa kushirikiana na wadau wote."

Maneno 39, na hakuna hata moja linalohusu kampuni hiyo peke yake. Sasa muulize bosi kwa nini ghala na si malori zaidi. Atajibu kwa lugha ya kawaida, labda hivi: "Wenye mboga walikuwa wanatulaumu malori yanachelewa. Tulipofuatilia tukakuta mzigo unaoza pale pa kupakulia, unakaa juani masaa unasubiri zamu. Lori jipya lisingesaidia kitu, tukasema hela ya malori iende kwenye ghala." Hapo nukuu imeshapatikana. Kazi iliyobaki ni kuikaza:

"Mboga hazikuwa zikiozea njiani, zilikuwa zikiozea kwenye foleni ya kupakuliwa. Kuongeza malori kungeongeza foleni tu. Ndiyo maana fedha za malori mapya tumeziweka kwenye ghala hili, na mkulima ambaye mzigo wake utaharibika tukiwa tumeshaupokea tutamlipa."

Maneno 34. Kuna tatizo lililoonekana, njia iliyokataliwa, uamuzi na ahadi. Mshindani hawezi kuichukua na kubandika jina lake.

---

MgeniKitengoni

Shukrani mkuu, somo limeeleweka. Swali: kama bosi hapatikani kabisa kwa hizo dakika 10? Wengi husema "andika unavyoona, nitasaini."

---

KalamuMezani

Ndugu, usimpelekee ukurasa mtupu, na usimpelekee rasimu moja. Mpelekee rasimu mbili zinazotofautiana kwa hoja, si kwa maneno. Moja iseme uamuzi ulifanywa kwa sababu ya wakulima, nyingine iseme ulifanywa kwa sababu ya gharama. Atalazimika kuchagua, na mara nyingi atasema "hapana, sababu yenyewe ilikuwa hii," kisha ataieleza. Hapo una malighafi. Njia nyingine ni kumtumia swali moja tu kwa ujumbe wa sauti na kumwomba ajibu kwa sauti hivyo hivyo. Mtu anayezungumza hutumia vitenzi. Akiandika anaanza kutafuta majina makubwa.

Ukikosa vyote, pitia kumbukumbu za kikao kilichopitisha jambo hilo, au mwombe msaidizi wake hoja alizozitoa mbele ya bodi. Sababu za kweli ziko huko.

---

Mhariri_Zamu

Naongezea kutoka upande wa pili wa meza.

Taarifa ikiingia, macho ya mhariri yanakwenda kwenye alama za kunukuu kutafuta sentensi moja inayoweza kusimama yenyewe. Neno "moja" mlikumbuke. Ni nadra nukuu nzima kuchukuliwa, kwa hiyo kila sentensi ipimwe peke yake. Katika mfano wa KalamuMezani, ya kwanza inasimama vizuri na inaweza hata kuwa kichwa cha habari. Ya tatu ina "ghala hili". Ikitolewa pale ilipo, "hili" ni lipi? Andika "ghala la baridi". Viashiria kama hivyo, pamoja na viambishi visivyo na nomino karibu ("tumeziboresha", "itawafikia"), huua nukuu nyingi nzuri, kwa sababu mhariri akiichomoa inabidi aweke maelezo katikati, na hana muda huo.

Mpangilio wa msemaji: weka sentensi ya kwanza, kisha jina na cheo, kisha zilizobaki. Msomaji asisubiri maneno 50 kujua nani anaongea. Cheo kamili mara ya kwanza, baada ya hapo jina linatosha. Cheo chenye maneno 12 kihamishie kwenye sentensi ya msimulizi inayotangulia, nukuu ibaki nyepesi.

Kitenzi: "alisema" au "amesema". Chagua kimoja ukitumie taarifa nzima. Najua watu wanahofia kurudia, lakini kitenzi hiki hakuna msomaji anayekiona, na hiyo ndiyo sifa yake. Vingine vina mzigo. "Amedai" kinatia shaka. "Amefichua" kinaashiria kuna lililofichwa. "Amesisitiza" kinamaanisha alishalisema kabla.

Kuhusu lugha yetu, adui mkubwa ni mnyororo wa nomino: "uboreshaji wa utoaji wa huduma za usambazaji wa maji". Hakuna binadamu anayeongea hivyo. Ukiona "wa" au "za" tatu zimefuatana ndani ya nukuu, tafuta kitenzi kilichomezwa: "maji yatafika haraka zaidi". Angalia pia "kuhakikisha". Futa neno hilo usome tena. Mara nyingi sentensi inabaki na maana ile ile na inapata nguvu.

---

DadaWaMatangazo

Mimi nina hoja tofauti kidogo. Tunazikataa sana hisia. Kuna matukio ambayo furaha ni ya kweli, na bosi akiongea kama mhasibu msomaji anamwona mkavu. Kwa nini "tunafurahi" iwe dhambi?

---

KalamuMezani

Dada, umegusa penyewe. Hisia si kosa, kosa ni kuitangaza bila kitu nyuma yake. Kwamba kampuni inafurahia uzinduzi wake, msomaji anajua tayari. Kipimo ninachokitumia ni kinyume chake: je, kuna mtu mwenye akili timamu angeweza kusema kinyume? Hakuna bosi atakayesema "tumesikitika kuzindua", wala "wateja si muhimu kwetu". Kauli isiyo na kinyume haina habari. Lakini "tulidhani wakulima wadogo wasingelipia huduma hii, na tumeona ndio wa kwanza kujisajili" ina mshangao na furaha ndani yake, na neno furaha halijatajwa. Onyesha kilichomfurahisha, hisia itafuata.

Vipimo vingine viwili. Weka jina la mshindani mahali pa jina lenu. Ikiendelea kuwa kweli, tupa. Kisha futa nukuu nzima usome taarifa bila hiyo. Kama hakuna kilichopotea, mhariri naye ataona hivyo hivyo.

Na orodha ya maneno yanayostahili kushukiwa yakionekana: hatua kubwa, ya kisasa, viwango vya kimataifa, kuleta mapinduzi, tumejipanga, ikiwa ni mwendelezo wa, wadau wote, kuunga mkono juhudi. Hayajapigwa marufuku. Kila moja lijibu swali "ipi?" au "nani?". Likishindwa, litoke.

---

SautiHewani

Upande wa redio na runinga. Nukuu ikishapita kwenye karatasi, bosi ataombwa aiseme mbele ya kipaza sauti. Kwa hiyo isome kwa sauti kabla ya kuituma. Pumzi ikikatika katikati ya sentensi, ni ndefu. Kipande kinachotumika hewani ni sekunde 10 hadi 15, na kwa mwendo wa kawaida wa Kiswahili hapo yanaingia takriban maneno 20 hadi 30. Hali haijawa hivi siku zote. Utafiti wa habari za kampeni za urais Marekani ulionyesha kwamba mwaka 1968 mgombea aliachwa aongee mfululizo kwa wastani wa zaidi ya sekunde 40, na kufikia 1988 ilishuka chini ya 10. Ukimpa bosi sentensi inayohitaji sekunde 25 ili ikamilike, mhariri wa sauti ataikata katikati, na katikati huwa hakuna hoja.

Hoja itangulie, sababu ifuate. "Kutokana na tathmini tuliyoifanya kwa kushirikiana na wataalamu, na kwa kuzingatia maoni ya wateja, tumeamua kupunguza bei" inabeba mizigo mingi kabla ya kufika kwenye habari. Geuza: "Tumepunguza bei, kwa sababu…"

Epuka pia mabano na vifupisho ndani ya nukuu. Hakuna mtu anayetamka mabano.

---

WakiliMdawati

Salaam wanajukwaa. Nukuu ile ya ghala ni nzuri kwa habari, ila neno "tutamlipa" lingerudishwa na ofisi yoyote ya sheria, na wangekuwa na haki. Ahadi iliyotolewa hadharani na mtendaji mkuu inahesabiwa kuwa ya kampuni. Tutamlipa kiasi gani? Mzigo uliofika umeshaanza kuoza je? Umeme ukikatika kwa sababu iliyo nje ya uwezo wetu je?

Suluhisho si kufuta ahadi, maana ndiyo uhai wa nukuu. Gawa kazi. Nukuu ibaki na: "mzigo ukiharibika mikononi mwetu, tutaulipia." Sentensi ya msimulizi inayofuata iweke masharti: fidia inahusu mzigo uliopimwa na kukubaliwa wakati wa kupokelewa, kwa mujibu wa mkataba wa uhifadhi. Bosi ameongea kama mtu, na masharti yapo.

Kwa kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa uzito ni mkubwa zaidi. Kauli kuhusu mambo yajayo, kama "faida itaongezeka robo ijayo", inaweza kusogeza bei ya hisa. Marekani, sheria ya mwaka 1995 kuhusu mashauri ya dhamana za soko la mitaji (hisa, hati fungani na kadhalika) inatoa kinga kwa kauli za matarajio pale zinapotambulishwa kuwa ni matarajio na kuambatana na tahadhari yenye maana, inayotaja sababu halisi zinazoweza kufanya mambo yaende tofauti. Tahadhari ya jumla jumla iliyonakiliwa kutoka taarifa ya mwaka jana haitoshi. Na tangu mwaka 2000 kanuni ya huko inakataza kuwapa wachambuzi au wawekezaji wachache taarifa nyeti kabla ya umma. Kwa hiyo hata rasimu ya nukuu usiitume kwa mtu yeyote wa nje kwa ajili ya maoni. Ulaya, kanuni ya matumizi mabaya ya soko inayotumika tangu 2016 inabana vivyo hivyo.

Vitenzi vyenye usalama: "tunalenga", "tunatarajia", "tumepanga". Lakini visitumike kufunika jambo lililokwisha kuamuliwa. Kama imeamuliwa, sema imeamuliwa.

---

Mhariri_Zamu

Wakili, nakuunga mkono kwenye kugawa kazi, ila kwenye vitenzi kuwe na kiasi. Nukuu yenye "tunatarajia kulenga kuangalia uwezekano wa" inaonekana kutoka mbali kwamba imepita mikono minane. Kitenzi kimoja cha tahadhari kwa nukuu moja kinatosha.

---

MgeniKitengoni

Na kwenye majanga? Ajali, data kuvuja, bidhaa kurudishwa. Huko furaha haipo, ila nukuu bado inatakiwa.

---

DadaWaMatangazo

Hili naomba nilichukue mimi.

Mpangilio wa nukuu ya janga: walioathirika kwanza, kisha tunachokifanya sasa, kisha lini tutatoa taarifa nyingine. Chanzo usikitaje mpaka uchunguzi umalize, na usimtupie lawama mtu yeyote, hata kama unahisi unajua. Namba za walioathirika zikae kwa msimulizi, kwa sababu hubadilika saa kwa saa na nukuu haiwezi kusahihishwa kimya kimya.

Bosi asijizungumzie. Mwishoni mwa Mei 2010, zaidi ya mwezi mmoja baada ya mlipuko wa mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon ulioua watu 11, Tony Hayward, aliyekuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya mafuta ya BP, aliongea na waandishi. Alianza kwa kuwaomba radhi watu kwa maisha yao kuvurugwa. Kisha akamalizia kwamba naye anataka maisha yake yarudi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoenea, radhi ikamezwa yote. Ndiyo sababu kwenye rasimu ya janga natafuta kila "mimi" na kuuliza: inambebea aliyeumia kitu gani? "Nimeagiza mitambo yote mitatu izimwe" inakaa. "Ni wakati mgumu kwangu" inatoka.

Kuhusu kuomba radhi: "tunasikitika" ni pole, "tunaomba radhi" ni kukiri kuna jambo tulilofanya. Usitumie ya kwanza mahali panapotaka ya pili, watu wanaitambua mara moja. Wakili atuambie sheria inasemaje.

---

WakiliMdawati

Inategemea nchi. Uingereza na Wales, sheria ya fidia ya 2006 inasema kuomba radhi peke yake hakuhesabiwi kuwa kukiri uzembe. Jimbo la Ontario, Kanada, lina sheria yake ya kuomba radhi ya 2009 yenye mwelekeo huo huo. Nchi nyingine hazina kinga hiyo. Kwa hiyo muulize mwanasheria wako swali mahususi, "neno hili linatufunga hapa kwetu?", badala ya kumwachia afute kila kitu. Mwanasheria akiulizwa swali la jumla hutoa jibu la woga.

---

NjiaYaIdhini

Wakuu mmegusa uandishi vizuri. Mimi niongezee idhini, maana nukuu nyingi nzuri hufia huko.

Tatizo ni kwamba kila idara ikipewa rasimu huongeza neno. Masoko wanaweka "bunifu", rasilimali watu wanaweka "timu yetu mahiri", mshirika anataka atajwe. Baada ya idara nne umerudi kwenye yale maneno 39 ya juu. Weka kanuni mapema, kwa maandishi: wapitiaji wanaruhusiwa kutoa maoni kuhusu mambo mawili tu, ukweli na hatari. Mtindo ni wa mwandishi na msemaji. Faili moja, mtu mmoja wa kuingiza mabadiliko, na saa ya mwisho ya kupokea maoni itajwe kwenye ujumbe wa kwanza.

Bosi akiweka sifa zake mwenyewe, usibishane naye juu ya uzuri. Mwonyeshe habari itakavyosomeka. Andika aya mbili za gazeti, moja yenye nukuu fupi ikiwa kamili, nyingine ambapo nukuu ndefu imekatwa na kubaki "alisema kampuni imefurahishwa na hatua hiyo". Atachagua mwenyewe.

Idhini ya mwisho iwe barua pepe au ujumbe wenye maneno kamili ya nukuu, si "sawa" ya kwenye simu. Neno likibadilika baada ya hapo, hata moja, linarudi kwa msemaji. Makosa ya tahajia tu ndiyo yanayosamehewa. Nukuu ya mshirika iombwe angalau siku 5 za kazi kabla, ukimtajia kikomo cha maneno 40 na swali moja la kujibu. Usipompa swali atakutumia sifa.

Na hili si la hiari: hakuna nukuu inayotoka bila mwenyewe kuiona. Kumwandikia mtu maneno ni kazi yetu ya kawaida, kumwekea mdomoni bila yeye kujua ni uongo. Larry Speakes, aliyekuwa msemaji wa Ikulu ya Marekani, alikiri mwaka 1988 kwamba alibuni kauli na kuziweka mdomoni mwa Rais Reagan wakati wa mkutano wa 1985 na Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti. Wakati huo alikuwa ameshahamia kampuni ya fedha ya Merrill Lynch, na ajira hiyo aliipoteza. Tahadhari hiyo inagusa pia programu za akili bandia. Zikupe rasimu ukitaka, ila huwa zinazalisha yale yale ya "hatua kubwa" kwa sababu hazikuwa kwenye kikao. Zipe majibu halisi ya bosi kwanza, na idhini ibaki pale pale.

---

MgeniKitengoni

La mwisho kutoka kwangu: je, nukuu iandikwe mwanzo au mwisho wa rasimu?

---

KalamuMezani

Mwanzo, mara tu baada ya aya ya kwanza. Amazon wana utaratibu unaojulikana wa kuandika taarifa ya uzinduzi kabla bidhaa haijaanza kutengenezwa, ikiwa na kauli ya kiongozi na ya mteja, ili waone kama kuna cha kusemwa. Si lazima ufike huko, ila mantiki ni hiyo hiyo. Nukuu ikigoma kuja, maswali yote yakijibiwa kwa "ni muhimu kwetu", mara nyingi shida haiko kwenye kalamu. Uamuzi wenyewe haujapata sababu, au sababu ipo na hawataki isemwe. Rudi kwa bosi umuulize ni ipi kati ya hizo mbili kabla hujaandika mstari mwingine. Ikiwa ni ya pili, toa taarifa bila nukuu. Tangazo la mabadiliko ya anwani au saa za kazi halihitaji kauli ya mtu yeyote.